Maporomoko ya maji katika picha: namna ya kuyatazama

Katika nyumba nyingi za mapadri, na katika vyumba vya kungojea vya misioni zetu, ukutani kuna kalenda, na juu ya kalenda kuna picha ya maporomoko ya maji. Pengine ni ya Uswisi, pengine ya Amerika, pengine ya mto Zambezi. Maji meupe yanaanguka kati ya miamba myeusi, chini kuna ukungu, na kando amesimama mtu mdogo sana, ameinua mkono. Tunaitazama kidogo, tunatafuta tarehe ya leo, tunaondoka. Lakini picha ya namna ile ina wazazi wake na ina umri wake. Tena ina mafundisho yake, nayo inayaingiza machoni mwetu bila kutuomba ruhusa. Tumeona vema kueleza jambo hili kwa waseminari na makatekista, kwa sababu wao ndio watakaowaonyesha watu picha maisha yao yote.

Tutachagua picha moja ya zamani, ili tusipotee. Mchoraji wake ni Jacob More, mtu wa Scotland, aliyezaliwa mwaka wa 1740 na kufa Roma mwaka wa 1793. Picha yenyewe ilichorwa karibu na mwaka wa 1771, nayo inatunzwa katika nyumba kubwa ya picha ya taifa kule Edinburgh. Ni rangi za mafuta juu ya kitambaa, upana wake unakaribia metri moja. Inaonyesha maporomoko yanayoitwa Corra Linn, pahali ambapo mto Clyde unaanguka metri ishirini na tano na zaidi kati ya kuta za mawe. More alichora maporomoko matatu ya mto ule, na hili la Corra Linn ndilo lililompa jina.

Tusimame kwanza mbele ya picha hii, kama tulivyofundishwa kusimama mbele ya maandiko kabla ya kukimbilia maelezo. Jicho linakwenda moja kwa moja katikati, kwenye weupe wa maji. Haliendi huko kwa bahati. Huku na huku mchoraji ameweka giza: miti, miamba, vivuli. Giza lile linafanya kazi ya pazia mbili katika mchezo wa kuigiza. Linafunga pande na kuacha mlango mmoja tu wa kupitia. Neno la pazia hatulisemi kwa mfano tu. More alijifunza kazi katika karakana ya Norie, watu wa Edinburgh waliopaka rangi na kupamba nyumba za wakubwa, na kabla ya picha hii alikuwa amechora mandhari ya nyuma ya jukwaa katika nyumba ya michezo ya mji ule. Alijua namna ya kulishika jicho la mtu aliyekaa kitini. Aliyechora miti kwa ajili ya jukwaa anachora mto sawasawa na jukwaa.

Sasa tutazame chini, mbele kabisa. Kuna watu, nao ni wadogo sana. Mwanafunzi anayeanza atasema kwamba mchoraji hakujua vipimo. La, alivijua sana. Amewafanya wadogo ili maji yawe makubwa. Karatasi haina urefu wa metri ishirini na tano, wala kitambaa cha metri moja hakina. Ukubwa katika picha hupatikana kwa kulinganisha tu. Weka mti mrefu kando ya mwamba, mwamba unakuwa wa kawaida. Weka mtu kama punje ya mtama, mwamba unakuwa mlima. Hiyo ndiyo kazi ya yule mtu mdogo wa kalenda: yeye ni kipimo. Jina lake hatuliambiwi, wala kazi yake, wala anakwenda wapi jioni.

Tena kuna jambo la rangi. Maji hayana weupe ndani yake. Ukiyateka kwa kikombe ni maangavu. Yanapoanguka yanachanganyika na hewa, yanakuwa matone na mapovu elfu nyingi, na kila tone linarudisha mwanga. Kwa hiyo mchoraji anayetaka kuchora maporomoko kwa kweli anachora hewa. Anatia kwanza rangi za giza za mwamba, kisha juu yake anaweka rangi nyeupe nene, kwa brashi iliyojaa, ikifuata njia ya maji toka juu kwenda chini. Ukungu wa chini anaufanya kwa rangi nyembamba, karibu na kupangusa tu, hata ukingo wa mwamba unapotea usijue unaishia wapi. More alikuwa hodari kwa hili: Joshua Reynolds, mkubwa wa wachoraji wa Uingereza wakati ule, alimsifu hasa kwa namna alivyochora hewa. Kishindo cha maji hakichoreki. Basi wachoraji wanakionyesha kwa njia ya pembeni: majani yaliyoinama, mtu anayeonyesha kwa kidole kwa sababu mwenzake hawezi kumsikia.

Pengine mseminari mmoja atauliza: je, mahali pale palikuwa hivyo kweli? Tujibu kwa ufupi. Wachoraji wa karne ile walikwenda mahali wakachora kwa kalamu ya risasi na rangi za maji juu ya karatasi ndogo, kisha wakarudi mjini, wakafanya kazi ya rangi za mafuta ndani ya nyumba. Katikati ya mto na kitambaa kuna safari, kuna kumbukumbu, na kuna mnunuzi anayetakiwa apendezwe. Kwa sababu hiyo picha ni ushuhuda, lakini ni ushuhuda wa mtu aliyekuwa na muda wa kupanga maneno yake.

Kwa nini watu wa karne ya 18 walipenda hivi picha za maji yanayotisha? Zamani wasafiri wengi wa Ulaya walipopita katika milima na makorongo walitaka kufika salama tu. Kisha njia zikawa bora, fedha zikaongezeka, na wenye mali wakaanza kutembea ili kutazama. Kule Corra Linn mwenye shamba, Sir James Carmichael, alikuwa amekwisha jenga nyumba ndogo ya kutazamia mwaka wa 1708, na ndani yake kulikuwa na vioo vilivyotegwa hivi kwamba mgeni aliona maji yanamwangukia kichwani, naye amesimama mahali pakavu! Tunaomba msomaji aikumbuke nyumba ile ya vioo, maana ndani yake imo siri yote ya jambo hili.

Waseminari wa filosofia wamekwisha kutana na siri hiyo katika vitabu, lakini pengine hawakuifikiri pamoja na maji. Mwaka wa 1757 Edmund Burke, mtu wa Ireland ambaye mama yake alikuwa Mkatoliki, alitoa kitabu akitenganisha uzuri na ule ukubwa unaotisha, ule ambao kwa Kilatini tungeuita sublime. Uzuri, alisema, unatuliza. Ukubwa unaotisha unatuteka kwa hofu. Lakini hofu ile, ili ituletee furaha, sharti isitukaribie mno. Mtu mwenye kuzama hana furaha yo yote katika mto. Mwaka wa 1790 Immanuel Kant akalifuata jambo hili kwa njia yake mwenyewe. Akataja vitu vinavyotufanya tujione wadogo: miamba inayoning'inia, mawingu ya radi, volkano zenye kuharibu, tufani, bahari iliyochafuka, na maporomoko marefu ya mto mkubwa. Akaongeza sharti lile lile: vitu hivi vinavuta moyo kadiri vinavyotisha, mradi sisi wenyewe tuwe mahali salama.

Mradi tuwe mahali salama! Wapendwa, Kant hakutoka katika nchi ya Königsberg, ambako hakuna volkano wala maporomoko. Sisi tunasoma mstari ule Bunagana, katika Jomba ya Bwisha, mbele ya Sabinyo na Mgahinga na Muhabura. Watu wa Goma waliokimbia moto wa Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, hawakuona kitu cha kuvuta moyo kwa sababu ya ukubwa wake. Waliona nyumba zao. Wale walioona mbingu nyekundu na kusema kwamba ni tamasha la ajabu walikuwa mbali, mbele ya picha. Hatusemi kwamba Kant alikosea. Alisema kweli kuhusu mtu anayetazama. Tunasema tu kwamba alieleza upande mmoja wa vioo.

Upande wa pili anaujua mwimba zaburi. Yule wa zaburi ya 41 katika hesabu ya Vulgata, ya 42 katika Biblia nyingi za leo, yu mbali na hekalu, katika nchi ya Yordani na Hermoni, na kishindo cha maporomoko anakisikia kama kilindi kinachoita kilindi kingine. Lakini hakusimama katika nyumba kavu. Mawimbi yanapita juu yake. Hofu yake si ya kumfurahisha, naye katikati ya hofu ile anamwuliza Mungu kwa nini amemsahau. Tuliposoma zaburi hii pamoja na Burke na Kant, ndipo tulipoanza kuielewa picha ya More vizuri zaidi: imechorwa kwa mtu aliye pakavu.

Haikukawia, na wachoraji wakaichukua namna hii ya kutazama wakaenda nayo mbali. Vernet Mfaransa na Hackert Mjerumani walichora maporomoko ya Tivoli karibu na Roma, Caspar Wolf alichora yale ya milima ya Uswisi. William Hodges alisafiri pamoja na nahodha Cook toka 1772 mpaka 1775, akachora maporomoko katika ghuba moja ya New Zealand, na mbele yake akawasimamisha wenyeji Wamaori. Toka hapo kuna njia iliyonyooka inayofika kwetu.

Inafika kwetu kwa maji yenyewe, na hapa tunamsihi msomaji atwae ramani. Mto Rutshuru unatoka katika ziwa Mutanda, upande wa Kisoro kule Uganda, si mbali na duane yetu. Unaingia Kongo, unashuka kwa haraka penye mawe, unafika ziwa Edward. Toka ziwa Edward mto Semliki unayapeleka maji kaskazini mpaka ziwa Albert. Na katika ziwa lile lile la Albert, upande wa Uganda, unaingia mto Nile utokao ziwa Victoria, lakini kabla ya kuingia unabanwa katika ufa wa mwamba wenye upana wa metri saba hivi na kuanguka metri 43. Ndiyo maporomoko ya Murchison. Hivyo maji yaliyopita karibu na Bunagana na maji yaliyopita katika ufa ule hukutana, nayo huenda pamoja mpaka Misri.

Mzungu wa kwanza kuyaandika maporomoko yale alikuwa Samuel Baker, Mwingereza. Alitoka Khartum pamoja na Florence, aliyekuwa mkewe baadaye mbele ya sheria, wote wawili wakiugua homa kwa muda mrefu. Tarehe 14 Machi 1864 waliliona ziwa ambalo Wanyoro waliliita Mwitanzige. Baker akalipa jina la Albert, mume wa malkia wake aliyekuwa amekwisha kufa. Wakapanda mitumbwi, wakafuata ukingo karibu majuma mawili mpaka Magungo, wakaingia katika mto. Wapiga kasia waliahidiwa ushanga ili wakubali kuyakaribia maji yale. Kiboko akaupiga mtumbwi kwa chini akauinua, na mamba walikuwa tele majini. Baker akachora. Mwaka wa 1866 kitabu chake kikatoka London, na ndani yake picha ya maporomoko, iliyokatwa na fundi kwa kufuata mchoro wake.

Yeyote aliyekwisha itazama picha ya More ataitambua picha ya Baker mara moja. Kuta mbili za giza huku na huku, weupe katikati, na mtumbwi mdogo mbele wenye watu wadogo. Pazia za jukwaa la Edinburgh zimefika Bunyoro! Na wale watu wadogo? Ni wapiga kasia. Wao ndio waliojua mahali penye mamba, wao ndio waliokuwa na sababu ya kuogopa na ya kukataa, wao ndio waliolipwa ushanga. Katika picha wamekuwa kipimo cha urefu wa mwamba. Hakuna hata mmoja ambaye jina lake limepewa mahali pale. Jina lilitolewa kwa Sir Roderick Murchison, mkubwa wa chama cha jiografia cha London, bwana ambaye hakufika kamwe.

Juu ya majina tunaweza kusema mengi, lakini tupite haraka. Katika miaka ya 1970 serikali ya Idi Amin iliyaita maporomoko yale Kabalega, kwa heshima ya Omukama wa Bunyoro aliyepigana na Baker huyo huyo kule Masindi mwaka wa 1872, akapelekwa uhamishoni Seychelles mwaka wa 1899, akafa Jinja mwaka wa 1923 akiwa njiani kurudi kwao. Mnamo miaka ile ile ziwa Albert liliitwa Mobutu na ziwa Edward likaitwa Idi Amin. Yote yalipita. Katika Kinyabwisha chetu maporomoko ni isumo, neno lile lile linalosikika katika Rusumo, kwenye mto Kagera mpakani mwa Rwanda na Tanzania. Isumo haimtaji bwana yeyote. Tunadhani ni jina linalofaa zaidi.

Sasa tufike penye uzito. Tulisema kwamba watu wa karne ya 18 walitazama maji kwa furaha. Lakini miaka michache tu baada ya More kukausha rangi zake, macho mengine yaliutazama mto Clyde. Mwaka wa 1785 mfanyabiashara David Dale alianza kujenga viwanda vya kusokota pamba New Lanark, chini kidogo ya Corra Linn. Maji yale yale yakazungusha magurudumu. Watoto wengi, na baadhi yao yatima, walifanya kazi ndani, na pamba waliyoisokota ilitoka ng'ambo katika mashamba ya watumwa. Robert Owen, aliyesimamia viwanda toka 1800, alijitahidi kupunguza kazi ya watoto na akawafungulia shule. Tunampa sifa yake. Kisha katika miaka ya 1920 kikajengwa kituo cha umeme cha Bonnington. Maji yanachukuliwa juu ya maporomoko, yanapita katika mabomba, yanarudishwa mtoni chini. Toka wakati ule, siku nyingi Corra Linn si kama More alivyoiona. Siku chache mitambo inaposimamishwa, mto unaachwa upite wote, na watu wanakuja na watoto wao kuona maporomoko yaliyomo katika picha.

Jambo hili si la Scotland peke yake. Mwaka wa 2019 kampuni moja ya Afrika Kusini iliomba kujenga mtambo wa umeme penye maporomoko ya Murchison; watu wa utalii na walinzi wa mazingira wa Uganda wakapinga kwa nguvu. Juu zaidi ya mto ule ule, mtambo wa Karuma, wenye megawati 600, umekwisha zinduliwa mwaka wa 2024. Rusumo nako maji yanazungusha mitambo ya megawati 80 kwa ajili ya nchi tatu. Na hapa kwetu, tangu Desemba 2015, mto Rutshuru unatoa umeme Matebe, megawati 13 na zaidi, katika kituo kilichojengwa na watu wa Mbuga ya Virunga. Nyaya zimefika mpaka Goma.

Je, tulie juu ya maporomoko yanayopungua? Hatukubali kulia haraka. Aliyeona mama akimsaidia mwenzake kujifungua kwa mwanga wa tochi ya simu hataulaani mtambo kwa ajili ya mandhari. Waheshimiwa wanaotaka mito ya Afrika ibaki kama picha, wakati nyumba zao wenyewe zina taa usiku kucha, wamesimama katika nyumba ya vioo ya Sir James. Lakini vilevile hatukubali upande ule mwingine, usemao kwamba maji yasiyozungusha gurudumu ni maji yanayopotea bure. Maporomoko yana viumbe vyake, ukungu unanyunyizia miti isiyoota mahali pengine, na mtu aliyechoka anapata kitu akiketi karibu nayo, hata kama hawezi kukitaja. Swali la kweli katika kila mto ni nani anayeamua, nani anayepata mwanga, na maji kiasi gani yanaachwa yapite. Picha ya zamani inasaidia hapo kwa namna isiyotazamiwa: ni hati. Inatuambia mto ulikuwa na maji gani kabla ya bomba la kwanza. Mito yetu mingi haina hati ya namna hiyo, na wazee walioiona wanapungua.

Tuna neno jingine, nalo linatugusa karibu zaidi. Bunagana imechorwa sana katika miaka hii, si kwa brashi bali kwa kamera. Mji uliingia mikononi mwa M23 mwaka wa 2012, serikali ikaurudisha mwaka wa 2013, ukachukuliwa tena na M23 tarehe 13 Juni 2022, na kila mara watu wengi walivuka kwenda Kisoro, godoro kichwani. Picha zilikwenda dunia nzima. Tuzitazame kama tulivyomtazama More. Katikati kuna kitu kikubwa cha kutisha: moshi, bunduki, mlima, umati barabarani. Mbele kuna watu wadogo wasio na jina. Anayetazama yuko mahali salama. Sharti la Kant limetimizwa kikamilifu. Hatuwalaumu wapiga picha; wengi wao walihatarisha maisha, na pasipo wao pengine hakuna aliyejua. Lakini namna ya kuwaweka watu ndani ya picha ni ya kale, na picha ya mtindo ule ina udhaifu wake wa kale: inamfanya mwenye kuteseka kuwa kipimo cha ukubwa wa msiba.

Ndiyo maana tunamwomba katekista anayechagua picha ya kufundishia, iwe ya gharika, ya bahari ya Galilaya iliyochafuka, au ya njia ya Msalaba, asiulize kwanza kama ni nzuri. Aulize mchoraji alisimama wapi. Je, alisimama mtumbwini, au ufukoni? Katika picha nyingi za tufani ya Galilaya tunaiona mashua kwa mbali, kutoka nchi kavu, mahali ambapo katika Injili hakuna mtu aliyesimama. Ni chaguo la mchoraji, nalo si dhambi. Lakini watoto wa Rutshuru waliovuka mpaka usiku wanaweza kuisimulia habari ile kutoka ndani ya mashua, na mwalimu mwenye akili atawaachia nafasi.

Wengine wametuuliza kama inawezekana kuchora maporomoko darasani bila rangi za mafuta, ambazo ni ghali na hazipatikani kwetu kwa urahisi. Inawezekana, tena ubao mweusi unafaa kuliko karatasi, kwa sababu giza la mwamba limekwisha kuwapo. Usichore mstari wa ukingo wa maji. Twaa kipande cha chaki, ukilaze ubavu, ukivute toka juu kwenda chini kwa mkono mwepesi, na mahali mwamba unapotokeza uinue mkono kidogo. Chini kabisa weka chaki nyingi, kisha ifute kwa kiganja kikavu kuelekea pembeni. Huo ndio ukungu. Watu uwatie mwisho, na kabla ya kuwatia waulize wanafunzi ni akina nani na wamekuja kufanya nini mtoni: kuteka maji, kufua, kuvuka, kukimbia. Jibu lao ndilo litakaloonyesha wawe wakubwa kiasi gani. Darasa moja lilitaka mwanamke mwenye ndoo awe mrefu kuliko maporomoko yenyewe, na tukamwacha hivyo ubaoni mpaka Jumamosi, siku ya kusafisha.